Kofia Iliyoachwa Mlangoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mpwa wa mtuhumiwa
Umri: miaka ishirini na minne
Kazi: mwanafunzi wa chuo, mwaka wa tatu
Makazi: chumba cha nyuma ya kibanda cha fundi funguo, mtaa wa sokoni

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, nami nimekubali, ingawa ukweli ndio ulionifikisha hapa.

Mtuhumiwa ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Ni fundi wa funguo na makufuli, na watu wa mtaani wanamwita Komeo. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano, na yeye ndiye aliyenilea. Nimekulia kwenye sauti ya tupa. Mpaka leo nikisikia chuma kikisuguliwa, napata usingizi.

Mwaka huu chuoni ninasoma mbinu za kuchunguza uhalifu na ukengeufu, yaani jinsi watu wanavyoiacha njia iliyonyooka. Si somo la kupiga mahesabu. Tunafundishwa kukaa na mtu, kumsikiliza, na kuyaandika maisha yake kama anavyoyaona mwenyewe, bila kumhukumu. Mhadhiri wetu ni mama mmoja mpole ambaye tumempachika jina la Mama Kimya, kwa ajili ya kanuni yake: "Ukishauliza, nyamaza. Mtu hawezi kuvumilia kimya, atakijaza mwenyewe."

Darasani kwetu yumo askari mmoja wa upelelezi anayesoma kwa ruhusa ya kazini. Siku ya kwanza Mama Kimya alimwambia mbele yetu sote, "Humu ndani kofia yako iache mlangoni. Tunayoyasikia hapa hayatoki." Akajibu, "Nimeshaiacha, mama." Tukacheka. Akawa anakaa dawati la pembeni yangu. Kila siku alisahau kalamu, kila siku nikamwazima yangu, naye akawa ananiita dada. Askari huyo ndiye ofisa anayeandika maelezo haya. Nimemwomba aliandike hilo, naye ameliandika.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, saa kumi jioni, nilimhoji mjomba kibandani kwa ajili ya zoezi la darasa. Nilimweleza kwamba nitamrekodi kwa simu, na kwamba jina lake nitalibadilisha. Alicheka, akasema, "Mimi nina ukengeufu gani, mwanangu, zaidi ya kumpunja paka maziwa?" Nilimuuliza kama amewahi kuombwa kazi ambayo fundi hatakiwi kuifanya. Akasema hapana. Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Alishika tupa, akaiweka. Akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Kisha akasema.

Alisema mwaka juzi mtu alimletea alama ya ufunguo iliyogandamizwa kwenye kipande cha sabuni ya kijani, naye akauchonga huo ufunguo huku akijua kabisa kwamba mwenye mlango haji na sabuni. Wiki iliyofuata ghala la shule ya jirani lilifunguliwa bila kuvunjwa na kompyuta zikaondoka. Mlinzi akafukuzwa kazi. Mjomba alisema, "Yule mlinzi bado ananisalimia kila asubuhi. Ananiita fundi mwaminifu." Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mama. Alisema anatafuta siku ya kwenda kumwambia yule mlinzi, lakini kila akifika kona miguu inakataa. Nilimwambia nitamsindikiza.

Kwenye karatasi nilimwita Fundi A. Lakini Mama Kimya hutaka tueleze mahali mpaka msomaji ajione ameketi pale, kwa hiyo nikaandika kioo cha kibanda kilichozibwa kwa karatasi ya gundi, jiliwa la kubania chuma lenye kutu, kidole gumba kisicho na ukucha. Jina nililificha, mtu mwenyewe nikamwacha nje juani.

Tarehe 10, darasani, Mama Kimya alituagiza tubadilishane karatasi na rekodi na mtu wa pembeni, ili mwenzako asikilize na kuhakiki kama umeandika sawasawa. Nilisita. Askari akanyoosha mkono, akasema, "Lete, dada. Kofia si iko mlangoni?" Wahenga walisema mchawi mpe mtoto alee. Nikampa karatasi, na rekodi nikamtumia kwa simu, nikidhani aibu itamzuia. Siku ya pili alinirudishia karatasi, chini ameandika, "Hongera dada. Kimya chako kimefanya kazi." Nilifurahi, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Tarehe 17, saa tatu asubuhi, alifika kibandani na wenzake wawili. Mjomba alikuwa anamchongea mteja ufunguo wa kabati. Ofisa alinisalimia mimi kwanza: "Dada, habari za masomo?" Nikajibu nzuri, kwa mazoea. Kisha akamuuliza mjomba, "Ile sabuni ya kijani aliileta nani?"

Mjomba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Akasema, "Mwanangu, si ulisema utabadilisha jina?"

Nikasema, "Nilibadilisha, mjomba."

Alifunga kibanda mwenyewe, akanikabidhi funguo zote, akapanda gari lao.

Siku hiyohiyo nilikwenda ofisini kwa Mama Kimya. Alisema amesikitika sana, ila ahadi ya darasani haina nguvu mbele ya sheria. Akaongeza kwamba kisa changu kitawafaa wanafunzi wa mwakani kama mfano. Nilitoka bila kuaga.

Hapa kituoni nimemuuliza ofisa habari hizi amezipata wapi. Amesema kwa raia mwema, na kwamba raia mwema hatajwi, kwa usalama wake. Kumbe kulinda jina la mtu mnajua. Sikatai kwamba mlinzi yule anastahili haki yake. Lakini mjomba alikuwa njiani kumpelekea mwenyewe, na njia hiyo imekatwa na mtu aliyekuwa akiazima kalamu yangu. Nimesalitiwa, na nimetumika kumsaliti aliyenilea. Sina neno lingine la kuliita.

Ofisa amenisikilizisha rekodi na kuniuliza kama sauti hiyo ni ya mjomba wangu. Amesema mjomba hajafungua mdomo tangu aletwe, na bila mimi kuitambua, hiyo ni sauti ya mtu yeyote. Kisha amenyamaza na kunitazama. Kimya hiki nakijua, tulifundishwa pamoja. Sitakijaza.

Yangu ni haya. Ya mjomba aulizwe mjomba.

Sahihi ya shahidi: ……………

MAELEZO YA OFISA

Nimemsomea shahidi maelezo yake naye amekubali kwamba ni sahihi. Swali la sauti halikujibiwa. Tulikaa kimya mpaka chai yangu ikapoa, na aliyesema kwanza ni mimi. Nilisema, "Sasa dada, ningefanyaje, na karatasi ulinipa mwenyewe?" Shahidi akasema, "Kumbe raia mwema ni mimi." Alitaka maneno yote mawili yaandikwe kabla hajatia sahihi. Nimeyaandika. Ametia sahihi kwa kalamu yake, akaondoka nayo.