Chumba Chenye Vigae

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KUMI NA SABA CHA WAKAZI WA NYUMBA HII, KILICHOFANYIKA SEBULENI, JUMAPILI TAREHE 8 JUNI, KUCHAGUA MBWA

WALIOHUDHURIA
1. Baba mwenye nyumba – Mwenyekiti
2. Mama mwenye nyumba, mkewe
3. Bibi, mama mzazi wa Mwenyekiti
4. Binti yao
5. Mpishi
6. Mtunza bustani – Katibu

AMBAYE HAKUHUDHURIA
Kaka mkubwa wa Binti, bila udhuru. Alikuwa chumbani kwake, muziki ulisikika.

KUMB. NA. 1/17: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na dakika ishirini, Mama alipomaliza kuongea na simu. Alikumbusha utaratibu aliotoka nao ofisini alipostaafu, kwamba katika nyumba hii neno lisiloandikwa ni neno lisilosemwa. Alimwagiza Katibu aandike yote bila kupamba. Katibu ameishia darasa la saba lakini agizo hilo amelielewa.

Binti aliuliza kwa nini Katibu hakai kwenye kochi. Mama alijibu kwamba kochi limesafishwa jana. Katibu aliendelea kukaa kwenye stuli ya jikoni, karibu na mlango.

KUMB. NA. 2/17: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Katibu alisoma kumbukumbu za kikao cha kumi na sita. Alifika KUMB. NA. 5/16, inayosema kwamba mtunza bustani, ambaye hajaenda kwao miaka mitatu na miezi minne, atapewa likizo ya mwezi mmoja ndani ya Juni "nyumba ikitulia". Hapo Mwenyekiti alimtaka asome haraka kwa kuwa ajenda ni ndefu. Ajenda ilikuwa moja. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/17: MBWA WAWILI
Mwenyekiti alieleza kwamba familia imekubaliana kufuga mbwa wa manyoya, ila haijakubaliana ni yupi. Binti alionyesha picha kwenye simu. Wa kwanza ni Samoyedi, mkubwa, mweupe, manyoya kama godoro lililopasuka. Wa pili ni Pomerania, mdogo, rangi ya chungwa, wa kubebwa mkononi.

Mama alisema anamtaka mdogo. Atalala ndani na hatavunja kitu. Ila manyoya yake yachanwe kila siku la sivyo yatafungana, na kazi hiyo ataifanya mtunza bustani kwa kuwa ana mkono mtulivu.

Bibi alisema, "Huyo si mbwa, ni brashi ya kuoshea chupa. Mwizi akija atamfutia viatu."

Mama alisema kuna watu katika nyumba hii hawakosi neno kwa kila anachokipenda yeye. Bibi alisema yeye anazungumzia brashi. Mwenyekiti aliwaomba wote wawili warudi kwenye ajenda.

Binti alisema anamtaka mkubwa, na kumchana atamchana mwenyewe asubuhi na jioni. Mwenyekiti aliuliza mnyama wa nchi ya baridi atalala wapi na joto hili. Binti alijibu kwamba chumba cha uani ndicho chenye ubaridi kuliko vyote, kina vigae na jua halikifikii.

Hicho ni chumba cha Katibu. Vigae alivitandaza mwenyewe siku zake za mapumziko, kwa mabaki ya bafuni yaliyokuwa yatupwe. Mwenyekiti alisema kweli, kazi ile ilikuwa nzuri sana.

KUMB. NA. 4/17: KURA
Binti na Bibi walimpigia kura mbwa mkubwa. Mama alimpigia mdogo. Mpishi alimtazama Mama, kisha naye akanyoosha mkono. Kura zilikuwa mbili kwa mbili.

Mwenyekiti hakutaka kupiga kura, kwa kuwa upande mmoja ni mkewe na upande mwingine ni mama yake. Kwa kawaida Katibu hana kura, maana mkono unaoandika haunyooshwi. Mwenyekiti aliagiza kwamba leo apige, akisema, "Wewe huna upande."

Katibu aliomba dakika moja. Aliona kwamba mbwa mdogo atamwachia chumba lakini atamlia likizo, kwa ajili ya kuchanwa kila siku. Mkubwa atachukua chumba, lakini Binti ameahidi kumchana. Katibu alichagua mkubwa. Mama alisema fadhila za punda ni mateke.

KUMB. NA. 5/17: UTEKELEZAJI
Iliamuliwa kwamba mbwa atafika Ijumaa. Mama alikumbusha kwamba Binti ana mitihani na hawezi kushika brashi asubuhi na jioni, hivyo mtunza bustani atamchana. Katibu alimtazama Binti. Binti alikuwa anatazama simu.

Iliamuliwa pia kwamba chumba cha uani kiwe wazi ifikapo Alhamisi jioni, na mtunza bustani ahamie stoo kwenye makopo ya rangi.

KUMB. NA. 6/17: MENGINEYO
Katibu aliuliza kuhusu likizo. Mwenyekiti alisema kumbukumbu zinasema "nyumba ikitulia", na nyumba yenye mbwa mgeni haijatulia. Aliomba Katibu asubiri miezi mitatu, mbwa azoee.

Katibu alisema, "Mzee, mwanangu nilimwacha hajaota jino. Sasa anaongea yote. Nikipiga simu ananiita mjomba."

Mwenyekiti alisema watoto husahau haraka na hukumbuka haraka.

Bibi alisema, "Mwanangu, mbwa unampa miezi mitatu azoee nyumba. Huyu akifika kwao, mtoto wake atampa siku ngapi?"

Mwenyekiti alisema hilo halimo kwenye ajenda. Aliuliza kama chumba kitakuwa wazi Alhamisi. Katibu alijibu kwamba kitakuwa wazi. Mwenyekiti alimshukuru kwa ushirikiano.

Bibi alimuuliza Katibu kitabu hiki cha kumbukumbu atamwachia nani. Katibu alisema atakiacha juu ya kitanda, pamoja na ufunguo. Bibi alisema, "Safari njema, baba." Mwenyekiti aliuliza ni safari gani. Hakuna aliyejibu, kwa hiyo hapa hakuna cha kuandika.

KUMB. NA. 7/17: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi kasoro dakika tano. Kama ilivyo desturi yake, Mwenyekiti alitia sahihi chini ya ukurasa mtupu ili asisumbuliwe baadaye, akamwachia Katibu ajaze.

Katibu angeweza kuandika juu ya sahihi hiyo kwamba likizo imekubaliwa, na kwa sheria ya nyumba hii ingekuwa imekubaliwa. Hakuandika, kwa kuwa haikusemwa.

Mwenyekiti: (sahihi)

Katibu: (sahihi), hadi Alhamisi