Mmoja Amezidi Mtamboni

Mtambo wa Mafuta,
Baharini, nje ya Luanda,
Angola.
8 Machi 1999.

Mpendwa dada Karambu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku majini. Mama anaendeleaje na macho yake? Na magoti? Mvua imeshaanza hapo Kaaga, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Barua yako niliipata. Umenicheka eti nimegeuka samaki! Hebu nikueleze tunavyoishi. Mtambo wetu haukusimama juu ya mchanga. Unaelea kwa miguu minene ya chuma yenye uwazi ndani, na minyororo ya nanga ndiyo inayouzuia usichukuliwe na maji. Katikati tunashusha bomba baada ya bomba, tukiyaunganisha, hadi ncha ya chuma itafune mwamba ulio chini ya bahari.

Ndani ya bomba tunasukuma tope zito. Linashuka, kisha linarudi juu kwa nje likibeba vipande vya mawe. Uzito wake ndio unaobana gesi isifumuke, kama lile jiwe Mama analoweka juu ya kifuniko cha sufuria ya githeri. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kutazama matangi ya tope hilo tu. Tope likirudi jingi kuliko tulilotia, basi kuna kitu kimeingia huko chini, na kinapanda.

Wiki iliyopita lilirudi jingi. Ilikuwa mchana, ukungu umetufunika hata maji hatuyaoni. King'ora kikalia, vizibo vikubwa vya kule chini vikafungwa, nasi tukakimbilia boti za kuokolea maisha. Mimi ni mtu wa redio, na wakati wa hatari ndimi ninayehesabu watu.

Unamjua Mama. Mgeni akituhesabu kwa kidole, alikuwa anamfukuza uani bila hata chai. Kwake kumhesabu mtu ni kumwitia balaa, nami kazi hii nimeifanya siku zote kwa hofu. Nikahesabu. Mmoja akazidi. Nikarudia, nikigusa kila bega. Akazidi tena.

Mkubwa wetu, Mskoti mwenye hasira za karibu, akaniambia nisimame mstarini ahesabu mwenyewe. Naye akapata mmoja zaidi. Akaniambia nitoke, akahesabu upya. Nilipotoka, walipungua wawili.

Gesi tuliishinda kwa tope zito zaidi, tukarudi kazini. Hakuna aliyelitaja jambo lile tena. Ila mezani sasa wananiachia viti viwili.

Nilijiambia ni uchovu. Halafu juzi akarudi Idrisi, mpishi wetu, kijana wa Majengo hapo Meru. Siku ile ya king'ora alikuwa likizo nyumbani, na sijui nani angemweleza. Akaniletea chai, vikombe viwili. Nikamwuliza cha pili ni cha nani.

"Si ni cha huyu mwenzako? Tangu nirudi anakufuata tu, wala hali chochote."

Nikamwuliza anafanana na nani. Idrisi akacheka.

"Kwani si ni ndugu yako? Mmefanana mpaka mimi nachanganya."

Dada, naogopa. Nakuambia wazi, na tafadhali watoto usiwasomee. Helikopta itanitoa huku kabla ya Pasaka. Nimewaza nisije kabisa, nisiwaletee kitu nyumbani. Lakini uliniandikia kwamba Mama anataka kunishika kabla hajaondoka duniani, nami hilo siwezi kumnyima.

Nisalimie shemeji Kaberia, na Ntinyari na watoto wenzake wote. Usiniandikie ni wangapi. Mungu awafunike hapo nyumbani, mlale na kuamka salama.

Bado neno moja. Siku nikifika, usikimbilie kunifungulia kama ulivyozoea. Mlete Mama langoni kwanza. Haoni, lakini anatujua kwa mkono, na tangu utoto wetu hajawahi kukosea. Atushike mmoja mmoja. Yule ambaye Mama atamkataa, mwache nje na ufunge lango, hata akilia kwa sauti yangu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa mbali,
Mutembei.