Walivyomvua Agnes Ushungi Usio Wake

Al Mankhool, Dubai
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwanasiti,

Shikamoo dada. Mama naye mpe shikamoo yangu, umshike na mkono kwa niaba yangu. Mguu wako umeshuka uvimbe, au bado unautembeza sokoni ukijidai umepona? Watoto hawajambo? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima alhamdulillahi, nakula, nalala, kazini nakwenda. Moyo ndio uliochafuka, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukutumia sauti kwenye simu. Mambo haya hayasemeki kwa mdomo.

Msichana aliyekupa barua hii anaitwa Agnes, ni mtu wa Busia. Mpe kiti, mpe chai, kisha ingia ndani usome peke yako.

Nilishakueleza habari za Mahin, yule Muirani ninayefanya naye kazi saluni, viti vyetu vimepakana. Yeye anakata nywele, mimi natia hina na kusuka. Mahin hajifungi kichwa, mimi najifunga, na katika miaka mitatu hatujagombana hata siku moja kwa jambo hilo. Kwao Shiraz, mdogo wake wa kike alikamatwa njiani kwa sababu ushungi ulikuwa umerudi nyuma, nywele zikaonekana. Alirudi nyumbani baada ya siku nne, sikio la kushoto halisikii tena. Mahin alinisimulia hayo siku moja tukisafisha vitana, wala hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Sasa, saluni yetu ina mteja mmoja mkubwa, Madam Lorena, mtu wa Ulaya mwenye nyumba kubwa Mirdif. Huyu ndiye aliyekuja na habari kwamba anaandaa onyesho nyumbani kwake, la kusimama pamoja na wanawake wa Iran. Si la hadharani, ni la wageni wake tu, bustanini, Jumamosi alasiri. Kila jamii itoe chake: Wafilipino waimbe, Wahindi wacheze, na Mahin asome shairi alilomtungia mdogo wake. Akaniuliza kama sisi wanawake wa Pwani tuna ngoma yoyote. Nikamwambia tuko sita, tunapiga lelemama kwenye arusi za watu wetu. Alifurahi, akanikumbatia na mikono yangu imejaa hina.

Dada, nilifurahi pia, nisikufiche. Nilijiona nimepata njia ya kumwambia Mahin pole kwa kitu kilicho changu. Tulifanya mazoezi wiki tano, chumbani kwetu humu, pembe za kupigia tukizifunika taulo ili majirani wasilalamike. Nikatunga na ubeti:

*Kichwa ni changu mwenyewe, na mtu kisichezewe,*
*nikifunge nifunguwe, shauri niachiliwe.*

Nilipomfasiria Mahin, aliniambia nirudie mara mbili. Akasema hilo ndilo shairi lake zima, mimi nimelimaliza kwa mistari miwili. Naye alikuwa na sharti moja tu: asipigwe picha, maana wazazi wake wangali Shiraz. Madam akamwapia.

Ilipobaki wiki moja tukaitwa Mirdif kwa mazoezi ya pamoja. Hapo ndipo nilipomjua Agnes. Ndiye mfanyakazi wa ndani wa Madam, peke yake kwa nyumba ya vyumba saba. Alitufungulia mlango akatuamkia kwa Kiswahili, na wenzangu wakamshangilia kama ndugu aliyepotea. Nilimfuata jikoni kuomba maji. Katika maneno machache nikajua kwamba babake amefariki mwezi uliopita. Nikamuuliza kama alikwenda kumzika.

"Madam alisema nisubiri mpaka hii sherehe iishe," akasema. "Pasipoti iko kwa kabati yake. Mimi nimezoea, dada."

Alisema nimezoea vile mtu anavyosema chumvi imekwisha. Nikanywa maji yangu nikatoka. Ndiyo, dada, nilitoka. Nilijiambia kila mtu na arbab wake, tajiri aliyemwajiri, na mimi mambo yangu yananitosha.

Siku yenyewe tulifika mapema. Bustani ilikuwa imepambwa, viti vyeupe, na jukwaa la mbao limetandikwa zulia jekundu. Kumbe Madam alikuwa amebadilisha mpango. Alituita sisi sita pembeni akatueleza kwamba kupiga ngoma tu hakutoshi, wageni wanataka kitu cha kuwagusa. Tukimaliza wimbo, tuvue shungi zetu sote kwa pamoja, tuzitupe chini na kuzikanyaga.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, kwa adabu yote, kwamba sisi huu ni mtindo wetu na dini yetu, hakuna aliyetulazimisha. Akanishika bega, akaniangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. Akasema anaelewa kwamba mimi sijajua bado, lakini leo ni siku ya kujua. Halafu, dada, akanyoosha mkono akashika ncha ya ushungi wangu.

Hakuuvuta. Aliushika tu, kwa vidole viwili, huku anatabasamu. Nilirudi nyuma. Mahin alikuwa kando yangu, na hapo kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema na mteja kwa sauti ya ukali.

"Mdogo wangu hakupigwa kwa sababu ya kitambaa," akasema. "Alipigwa kwa sababu mtu mwingine alijipa ruhusa ya kugusa kichwa chake. Mkono wako uondoe."

Madam akaondoa mkono. Akacheka, akasema khalas, basi, tusiharibu siku, lelemama iondolewe kwenye ratiba, sisi tukae tu tutazame. Wenzangu watano wakakusanya pembe zao wakakodi gari wakarudi mjini. Mimi nikabaki kwa ajili ya Mahin.

Laiti ningeondoka nao, nisingesikia nilichosikia. Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha la jikoni, kivulini. Ndani Madam alikuwa anamvisha Agnes baibui jeusi na ushungi mweusi, Agnes aliyebatizwa, asiyejua hata kuufunga. Pengo letu lilikuwa limepata wa kuliziba. Alikuwa anamfundisha: utasimama katikati, mwanamume atakuja na fimbo, atakuvua kwa nguvu, utapiga magoti, utalia. Agnes akasema hajui kulia mbele za watu.

"Mfikirie babako," Madam akamwambia, kwa upole kabisa. "Machozi yatakuja yenyewe."

Dada, mimi nimefanya kazi za kila namna. Nimeosha miguu ya watu, nimezibua mabomba yaliyojaa nywele za wiki nzima. Sijawahi kuona uchafu kama ule. Mwanamke yule yule aliyemzuia mtoto wa watu kumzika babake, sasa anamwambia amtoe maiti huyo kifuani awatumbuize wageni. Na anasema kwa sauti ya kubembeleza. Kama angemfokea, pengine ningeweza kuvumilia.

Wakacheza. Yule mwenye fimbo alikuwa rafiki yao mmoja wa kiume, mwenye kujidai mwigizaji, akamkamata Agnes kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kitambaa kilikwama kwenye hereni yake, akakivuta hivyo hivyo. Agnes alipiga magoti akalia, na mimi niliyejua analia nini nikainamisha uso. Wageni wakasimama. Wakapiga makofi, wengine wanafuta macho kwa leso za karatasi. Na mikono yangu pia ilipiga, dada. Mara tatu nne hivi, kabla sijaihisi. Ukiwa katikati ya watu wanaopiga makofi mikono haingoji akili. Bado nikiitazama naiona michafu.

Ikafika zamu ya Mahin. Alipanda na karatasi yake ya shairi. Agnes alikuwa bado yuko chini, ameambiwa asiinuke mpaka shairi liishe, damu kidogo inamtoka sikioni. Mahin akamwangalia sikio lile. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akachutama, akamfuta damu kwa mkono wake. Kisha akamuuliza kwa Kiingereza chepesi, polepole, kila mtu asikie:

"Pasipoti yako iko wapi?"

Agnes aliinua uso. Aligeuza macho kumtazama Madam, basi. Macho mia yakafuata macho yake. Sijui kama wageni wote walielewa. Nadhani walielewa, maana viti vilianza kulia na watu wakawa wanatazama viatu vyao. Madam akapiga makofi mawili, akasema yalla, haya twendeni, chakula tayari, na muziki ukafunguliwa. Mahin alimshika Agnes mkono akamshusha jukwaani. Huo ndio ukawa mwisho wa onyesho la kuwatetea wanawake.

Wakala, dada. Sambusa, zabibu, vitu vidogo vidogo vya kuchomwa kwa kijiti. Na aliyezungusha sinia ni Agnes, amerudishiwa aproni, sikio limebandikwa plasta. Mama mmoja alichukua sambusa kwenye sinia lake akamwambia umecheza vizuri sana.

Kumbe Madam alikuwa amepiga video pia, pamoja na kiapo chake. Jumatatu ilikuwa imeshasambaa kwa simu za wateja wetu wote, mpaka pale pa makofi. Sehemu ya Mahin ilikuwa imekatwa. Aibu yao ndiyo iliyomficha uso, wala si ahadi.

Siku hiyo hiyo mwenye saluni alituita. Akasema tumemvunjia heshima mteja aliyetuletea nusu ya Mirdif, kwa hiyo tumpigie simu tuombe radhi. Mahin alivua aproni akaitundika, akachukua mikasi yake, akaondoka. Sasa yuko saluni nyingine, na ameipata kwa urahisi, maana mkono wake unajulikana. Mimi, dada, viza yangu iko kwa mwenye saluni huyu. Nilipiga simu. Nilisema, "Samahani, madam." Akanijibu kwamba amenisamehe. Nikaenda msalani nikatema mate, nikasukutua, nikatema tena.

Aliyemtoa Agnes mle ndani si mimi, ili usije ukanisifu. Ni bibi mmoja wa Kiirani, mzee wa makamo ya mama, aliyekuwa miongoni mwa wageni. Alikuja saluni Jumanne akimtafuta Mahin, akanikuta mimi, nikamweleza yote, na la babake. Alisikiliza mpaka mwisho na mkoba wake umepakatwa. Akasema yeye mwenyewe alipiga makofi siku ile, na tangu hapo hajalala vizuri. Akaniambia sheria ya hapa hairuhusu mwajiri kushika pasipoti ya mtu. Nikamwambia sheria tunaijua sote, kabati ndilo haliijui.

Alikwenda Mirdif kesho yake asubuhi, akaketi sebuleni kwa Madam, akakataa kahawa. Alisema ataondoka na msichana na pasipoti yake, la sivyo atawapigia wageni wote waliokuwapo, mmoja mmoja, na kuwaeleza habari ya mazishi, kisha ataipigia idara ya wafanyakazi. Alikaa muda wa saa tatu. Agnes anasema Madam alilia, akamwambia bibi yule, "Yeye ni kama mwanangu." Bibi akamuuliza jina la babake Agnes. Madam hakulijua.

Saa sita walitoka, Agnes na begi moja, na pasipoti ameishika yeye. Amekaa kwangu siku kumi wakati karatasi zake zinamalizwa. Tikiti iliyopatikana ni ya Mombasa, ndiyo maana amefika kwako kabla ya kwao. Anataka kwenda Busia akaone kaburi.

Lile jina la babake ni Wafula, fundi wa baiskeli. Nimekuandikia ili walau nyumba moja ilijue.

Sasa nakuomba, dada. Najua moyo wako, na najua wa wanawake wenzetu wa Kisauni. Mkisikia habari hii mtataka kumpokea kwa ngoma, mumkalishe katikati, asimulie, mlie naye. Msifanye hivyo. Asilazimishwe kusimulia. Akitaka kusema atasema, na akinyamaza mtandikie alale. Mwambie somo yangu Bi Rukia hivyo hivyo, yeye ndiye mwepesi wa kuita watu.

Nisalimie mama, umwambie vidonge vya presha asiruke hata siku akijisikia vizuri. Nisalimie shemeji, na mjomba Athumani wa duka la mkaa, na shangazi aliyenilea nilipokuwa mdogo, na mwanao Zuhura anayesoma ualimu, umwambie akaze. Lelemama bado tunapiga, wiki ijayo tuna arusi ya Mzanzibari, na ule ubeti tutauimba, safari hii mbele ya watu wanaoelewa maneno.

Chumba cha nyuma kifagie umlaze Agnes humo. Mlango ule una ufunguo mmoja tu, nakumbuka. Mpe yeye akae nao, na usiombe akurudishie mpaka siku ya kuondoka.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka kila kukicha,

Saumu