Jina Alilolitaja Appa Jukwaani

Alhamisi, 25 Aprili 1996
Asubuhi: joto, hakuna upepo, mawingu machache upande wa mto, yakatawanyika bila mvua.

Kwako Akka Kayal,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Masilamani na watoto, ambao sijawahi kuwaona wala sijui ni wangapi. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Mumbai. Mimi ni mzima, isipokuwa macho yananiuma kwa kukosa usingizi. Anwani yako nimepewa na mama mkwe wako. Nilimfuata mwenyewe ng'ambo ya mfereji. Alinipa kahawa, nikainywa kwenye kikombe chao, wakati watu wa tabaka letu hawagusi vyombo vya upande ule. Nalitaja hili mapema ili ujue kwamba mdogo wako amebadilika kidogo, ingawa amechelewa.

Habari za msiba bila shaka umezisoma magazetini. Appa alifariki Jumamosi asubuhi, nilipokuwa nikimlisha wali wa mtindi. Alifumba mdomo, nami nikamgombeza kidogo, nikidhani anakataa kijiko. Tulimzika Jumapili kama alivyoagiza miaka yote: bendera ya chama kifuani, hakuna kuhani, hakuna moto. Watu walijaa mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Mzee Pichai, aliyefungwa naye jela mwaka ule walipokipinga Kihindi kwa kupaka lami vibao vyake stesheni, alikuja na brashi yake ya zamani, akaitumbukiza kaburini na kumwambia Appa kwa sauti, “Tangulia, Ayya, na huko ukikuta vibao vya Kihindi usianze bila mimi.” Watu walicheka huku wanalia. Nilitamani ungekuwapo kusikia.

Magazeti yameandika kwamba neno la mwisho la Appa hadharani lilikuwa jina la mwanawe, Iniyan. Mabango yamejaa mji mzima, Appa kavaa miwani yake myeusi, na chini jina la kaka yetu, Anna Iniyan, kwa herufi nyekundu. Kesho kutwa watu wanapiga kura na kila mtu anasema Anna atashinda kwa neno lile. Ndiyo sababu nakuandikia. Vumilia nieleze kwa mpangilio, unajua nilivyo.

Kiharusi kilimpata wakati wa mvua za mwaka juzi. Mtu aliyeweza kuhutubia jioni nzima bila kugusa glasi ya maji akabakiwa na neno moja tu. Daktari alituambia kwamba hutokea, ubongo hushika neno moja na kuyaachia mengine yote, na hakuna ajuaye kwa nini neno hili na si lile. Appa alilitumia kwa kila kitu: maji, mto wa kulalia, taa, maumivu. Nilijifunza kujua anachotaka kwa jinsi alivyolivuta au kulikata. Anna alikataza neno hilo lisitoke nje ya nyumba. Wageni waliambiwa kwamba Ayya anaongea vizuri, ila kwa sauti ya chini, na Poonkodi peke yake ndiye anayemsikia.

Kazi yangu ikawa hiyo. Unakumbuka jinsi walivyokuwa wakimletea watoto wachanga awape majina ya Kitamil safi, na yule fundi baiskeli aliyemngoja Appa atoke jela mpaka mwanawe akaanza shule akiitwa Mtoto? Hata baada ya kiharusi waliendelea kuja. Mtoto aliwekwa mapajani mwa Appa, Appa akasema neno lake, nami nikasimama na kutangaza jina nililolibuni usiku. Wote walienda zao wameridhika. Mwanamke mmoja tu, aliyekuwa amepiga magoti karibu sana, alinitazama na kuniuliza, “Dada, mbona mimi nimesikia jingine?” Nikamwambia hicho kilikuwa kikohozi. Alisema, “Kikohozi kizuri hicho,” akambeba mtoto wake akaondoka.

Mwezi uliopita ikaja habari ya kiti cha Appa bungeni. Katibu wa wilaya, Sokkalingam, alikitaka, na Anna alikitaka. Sokkalingam alikuwa akikaa kwenye kibanda cha chai na kutangaza kwamba Iniyan hajawahi kupaka lami hata kizingiti cha kwao, sembuse kibao cha serikali. Wakubwa wa chama huko Madras, ili wasigombane na mtu, wakaamua kwamba mgombea atakuwa yule ambaye Ayya atamtaja kwa kinywa chake mbele ya mkutano wa hadhara.

Anna alinijia jikoni, akaketi sakafuni kama enzi Amma akitupikia, akala idli nne, vile vikate vya mchele nilivyotoka kuvipika kwa mvuke. Kisha akaniambia kwamba Sokkalingam akipata kiti, nyumba hii itakuwa nyumba kama nyingine tu, hakuna atakayekuja, na Appa atakufa bila mtu barazani. Nikamuuliza itakuwaje Appa akisema lile neno lake. Akanijibu, “Appa atasema atakachosema, Poonkodi. Wewe utasema kile walichokuja kukisikia.”

Mkutano ulikuwa Jumapili tarehe 24 Machi. Tulimbeba Appa na kiti chake mpaka jukwaani. Wakamvika shali moja juu ya nyingine mpaka nikaogopa atakosa pumzi, na makoja ya maua nikawa nayavua upande mmoja wakiyavisha upande mwingine. Mwenyekiti akamwomba Ayya amtaje mtu wake. Nikamwekea sikio mdomoni, na kipaza sauti nikakishika mbali, kama Anna alivyonielekeza.

Akka, alisema Kayal.

Neno lenyewe ndilo hilo. Ni jina lako alilobaki nalo. Tangu mvua zile alikuwa akiomba maji kwa jina lako, na taa ikizimika alikuita wewe. Watoto wote wale alikuwa akiwapa jina lako, na mimi nikiwanyang'anya. Mtu huyu ndiye aliyefungisha ndoa za watu wa kila tabaka, akiwahutubia mabwana harusi juu ya usawa mpaka wali unapoa, halafu wewe na Masilamani wako wa ng'ambo ya mfereji mliposimama getini kuomba awaozeshe kama wengine, akatuma mlinzi awaambie ngojeni uchaguzi upite. Nilikuwa dirishani. Uchaguzi ulipita, na mwingine, na mwingine.

Nilisimama nikasema kwenye kipaza sauti kwamba Ayya amesema Iniyan.

Uwanja ukalipuka. Appa akageuka kunitazama. Akapiga mkono wa kiti kwa mkono wake uliobaki na nguvu na kusema tena Kayal, kwa nguvu zaidi, mate yakimtoka, na watu wakashangilia zaidi, wakisema tazama Ayya anavyosisitiza. Kila alivyorudia ndivyo walivyopiga makofi, na ngoma zikafunika sauti. Alirudia mpaka akachoka, akainamisha kichwa juu ya shali zile.

Tangu jioni hiyo hakulitamka tena. Akitaka maji aliinyoshea kidole glasi. Alikaa karibu mwezi mzima kimya, mpaka siku ile ya wali.

Najua utaniuliza kwa nini. Nilimhurumia Anna, na niliuogopa ule umati, kwa sababu wanaume wengi pale ni wa tabaka letu na jina lako wanalikumbuka vizuri. Pia niliona aibu, na hata leo naiona, kwa ndoa yako, jambo lisilo na aibu. Usiku wa msiba nilimwomba Anna tukuite uje umzike baba yako. Alinitazama kwa upole kabisa akaniambia tungoje uchaguzi upite. Ni maneno yaleyale, Akka, na nadhani hata hajui aliyatoa wapi.

Jambo moja la mwisho. Kwenye foleni ya kumuaga Appa nilimwona yule mwanamke wa kikohozi. Anakaa ng'ambo ya mfereji, nyumba ya tatu kutoka kwa mama mkwe wako. Mtoto wake sasa anatembea. Nikamuulizia mtoto kwa jina nililolitangaza siku ile, mama yake akacheka, akasema hakulitumia hata siku moja, alichukua lile alilolisikia. Kisha akamwita mtoto aje anisalimie. Mtoto anaitwa Kayal.

Wasalimie watoto wako, na uwaambie babu yao alikuita. Njoo ukiweza, kabla ya uchaguzi au baada yake. Geti nitalifungua mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Poonkodi

Ijumaa asubuhi. Barua niliiacha wazi mezani, naifunga sasa. Nyumba ni kimya mno tangu asiwepo wa kuita. Usiku nilienda chumbani kwake, nikaketi kwenye kiti chake, nikakuita mara moja kwa sauti. Ndipo usingizi ukanijia, saa kumi alfajiri.