Mwalimu Asiyechoka Sebuleni Kwetu

"Sisi tuliolelewa na zile kompyuta za nyumbani ndio tuliofunguliwa macho mapema. Matangazo yake yalitia chumvi kidogo, lakini hayakumdhuru mtu."

Hayo ameyaandika mdogo wangu Athumani leo asubuhi katika kikundi cha familia kwenye simu, pamoja na picha ya mashine kama ile tuliyokuwa nayo miaka ya themanini. Wapwa na mabinamu wakammiminia vicheko na mioyo myekundu. Mimi nimeyasoma mara mbili tatu, chai ikapoa.

Hayakumdhuru mtu.

Jumamosi, Kiembeni. Manyunyu tangu alfajiri, mvua isiyonyesha wala isiyoacha. Nimefagia nyumba ambayo haikuwa na taka. Nimeanza kumjibu, nikafuta, nikaanza tena, nikafuta. Afadhali niandike hapa, ambapo hakuna wa kunikata kauli.

Kwanza niseme kweli: mashine ile niliipenda. Nilikuwa na miaka kumi na moja, Athumani sita, na nyumba yetu ilikuwa Kisauni. Baba, karani wa bandarini, aliingia nayo akiwa amelikumbatia boksi kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na kibodi nene tu, rangi ya maziwa. Kioo chake kikawa televisheni yetu. Programu zilikaa kwenye kaseti, nazo ziliingizwa kwa redio kaseti ileile ya mama ya taarabu. Kaseti ikianza, makelele yalikwaruza nyumba nzima, mpaka nyanya akauliza kutoka chumbani kwake, "Mwamkaba nani humo?"

Mama aliishonea kitambaa cha kuifunika, chenye maua pembeni. Kila Alhamisi jioni aliifukiza udi, kwani hakutaka wageni wakute kitu kipya kinanuka plastiki. Siku moja akarekodi maulidi ya jirani juu ya kaseti ya masomo bila kujua. Tulipoiweka, mashine iliyapokea maulidi yote, kuanzia mwanzo hadi dua, kioo kimya kabisa. Nyanya akasema, "Leo yasikiza. Kumbe ina adabu." Ikabidi baba arudi dukani kutafuta kaseti nyingine.

Haya ndiyo Athumani anayoyakumbuka. Nami nayakumbuka, na ninapoyaandika nacheka peke yangu kama mwehu.

Asichoandika ni kwa nini mashine ile ililetwa.

Dada yetu mkubwa, Zainabu, alikuwa amemaliza kidato cha nne, na katika hisabati aliwaacha mbali wavulana wa darasa lake. Akaitwa chuo cha ualimu, bara. Baba hakutaka aende. Hakusema hataki, alisema atafikiri, na siku zikawa zinasogea. Ndipo alipoingia duka moja mjini, akakutana na muuzaji mwenye maneno na karatasi ya matangazo inayong'aa. Nakumbuka picha zake: baba wa kizungu kavaa tai, mama anatabasamu jikoni, watoto mbele ya kioo wamenyanyua mikono kama walioshinda mbio. Karatasi iliahidi kwamba mashine itapiga hesabu za nyumba, itatunza mapishi, na itakuwa mwalimu asiyechoka kwa mwanafunzi wa umri wowote. Mapishi. Mama yangu alikuwa akipika biriani ya harusi nzima kwa kukisia kwa kiganja.

Baba akaikunjua karatasi ile sebuleni.

"Zena," akamwita dada kwa jina lake la nyumbani.

"Abee, baba."

"Chuo kimekuja nyumbani. Bara waenda kutafuta nini?"

Dada aliitazama karatasi, kisha akainamisha uso. Kwetu, binti hakujibizana na babake, na baba alijua hivyo alipouliza.

Sasa, mwalimu huyo asiyechoka alikuwa na somo moja tu, majedwali ya kuzidisha. Nilisimama nyuma ya dada siku ile ya kwanza. Saba mara nane ni ngapi? Akaandika jawabu. Kioo kikamchorea nyota. Msichana aliyekuwa aende kusomea kufundisha hisabati, anatunukiwa nyota kwa saba mara nane. Akayamaliza majedwali yote, mashine ikampongeza, halafu ikaanza upya na mbili mara moja.

Kuchoka, kweli haikuchoka.

Najua Athumani atanijibu nini, kwa hiyo nimjibu kabla hajasema. Atasema dada alijifunza kuandika programu. Naam, alijifunza, kwa kukikodolea macho kitabu cha Kiingereza kilichokuja na boksi, bila mtu wa kumuuliza. Alilifanya jina la Athumani litambae kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia kama siafu. Athumani akapiga makofi. Stima ikakatika, jina likapotea, na iliporudi dada akaliandika tena tangu mwanzo. Ndugu yangu, macho yako yalifunguliwa kwelikweli, sikatai. Ila wewe uliiona mbele ya mashine. Mimi niliuona mgongo wa aliyeketi pale.

Na ulipofika wakati wako, miaka ya tisini, ukaitwa chuo bara, baba alikununulia sanduku. Hakuna aliyekwambia ubaki na kibodi.

Nafasi ya Zainabu ilipita. Baba akasema mwakani. Mwakani akaposwa.

Miaka hiyo ya tisini matangazo yalibadilisha nguo tu. Kila ghorofa ya Kisauni ikapata chuo cha kompyuta, kila kibao kikaahidi kazi ya ofisini. Nilijiandikisha katika kimojawapo. Tulivua viatu mlangoni kama tunaingia msikitini, kwa sababu ya vumbi. Mashine zilikuwa chache, tukigawana watatu watatu. Lakini nilijifunza, kwa sababu palikuwa na mwalimu, mtu wa kutoka Changamwe, aliyekuja amechoka na kuondoka amechoka zaidi. Alikuwa akiinama begani kwangu na kusema, "Bi mdogo, hapa umekisia. Nieleze umefikaje." Hakuna kaseti iliyowahi kumuuliza dada yangu amefikaje.

Basi kwa nini nawaka moto leo kwa mambo ya kale?

Kwa sababu Salma, bintiye Athumani, ameitwa chuo Eldoret, na anatakiwa awe ameripoti Jumatatu ya wiki ijayo. Athumani amemnunulia laptop. Juzi aliniambia kwenye simu, tena kwa furaha, "Dada, siku hizi chuo kizima kimo humo ndani. Asafiri mbali vile afuate nini?" Nilihisi nazungumza na marehemu baba.

Mchana sikuweza kukaa. Nikavuka feri mpaka Likoni, kwa Zainabu, ambaye ana duka lake la vitambaa. Nilimkuta anampimia mteja, nikasubiri, kisha nikamtaka aandike kwenye kikundi, aseme kilichompata.

"Wewe na vita vyako," akacheka. "Keti kwanza, hata pumzi huna."

"Baba alikunyang'anya chuo, Dada, na huyu asema hakudhurika mtu."

"Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiogopa kuniachilia. Ile karatasi ikampa jina zuri la kuuita woga wake."

"Na wewe hukuchukia?"

Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Nilichukia saba mara nane," akasema, na tukacheka wote. Kisha hakucheka tena. "Salma akiniuliza mimi, nitamwambia aende. Lakini hataniuliza. Ataitwa, ataitika abee, basi."

Sikumlazimisha aandike. Naandika mimi.

Muuza mashine alikuwa na haki ya kutamani mauzo. Lakini msiniambie chumvi haidhuru, kwani alichouziwa baba siku ile hakikuwa ndani ya boksi. Aliuziwa ruhusa ya kutofanya lililomtisha. Bidhaa hiyo ingali dukani, na kila mwaka inapata kioo cheupe zaidi.

Kwenu, akina baba wa Kisauni, Likoni na Changamwe mlio na binti aliyeitwa mbali: kama mnaogopa, semeni mnaogopa. Woga wa mzazi si aibu, na binti anaweza kujibizana na woga. Hawezi kujibizana na mashine.

Na kwako, Athumani. Jumapili, mkesha wa kuripoti, mpeleke Salma kwenye basi la Eldoret wewe mwenyewe. Mbebee sanduku, kaa naye mpaka gari liondoke. Na ile laptop mpe, aende nayo.