Sahihi Tatu kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini goti lako limepatana na ngazi za nyumba ya binti yako, na kwamba wajukuu wanakuachia nafasi ya kupumua. Mimi nina nguvu za kushika kalamu, nashukuru. Kifua ndicho kinachonigombeza. Daktari amenishauri nihesabu wiki, nisihesabu miezi, kisha akaniamuru nilale. Nilimshukuru, nikavaa koti, nikatoka.

Najua mwanao amekwisha kunichongea kwako kwamba mjomba amerukwa na akili, anazunguka kwenye maonjo ya mvinyo na kikohozi chake. Ni kweli, na yeye ndiye aliyeniendesha siku zote tatu, huku akinuna. Nilikuwa nikitafuta sahihi za waonjaji watatu wa jopo linalohukumu mvinyo, ili upewe kiti mle. Ndiyo, wewe. Kanuni inataka wadhamini watatu, tena wasaini mbele ya anayekupendekeza. Kwa simu hawakubali.

Jumatatu waagizaji walikuwa na onjo ghorofa ya nne ya hoteli, na lifti imekufa. Kila ghorofa nilisimama nikiukagua ukuta kama fundi rangi, ili watu wasione kwamba napumzika. Juu nilimkuta Kizibo, yule mnene anayesifu chupa zake kama anaoza mabinti. Aliniuliza kama nimekuja kuonja au kuaga. Nikamjibu kwamba yote mawili, ila kwanza asaini. Nilipomweleza sababu, aliacha kucheka, akaweka glasi chini, akasaini.

Jumanne ilikuwa maonyesho ya biashara: kadi shingoni, kelele, na sakafu inayoumiza nyayo. Mama Ghala, yule mwenye maduka sita, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniketisha juu ya kreti akaenda kuhudumia wateja wake. Nilikaa pale tangu saa nne mpaka saa tisa. Mwanao alinisihi tuondoke. Nikamwambia labda anibebe na kreti. Hatimaye mama yule alirudi, akasaini, akasema wazi kwamba hafanyi hivyo kwa ajili yangu.

Jumatano nilikwenda kwa mwenyekiti wa jopo, ofisini kwake nyuma ya ghala la mapipa. Sahihi yake ilikuwa ya tatu. Kabla ya kushika kalamu alifungua faili la zamani, akaniwekea mezani karatasi moja, akaniuliza kama nautambua mwandiko.

Niliutambua. Ni wangu.

Mdogo wangu, unakumbuka homa iliyonilaza wiki tatu, mwaka ule tulipohamisha duka? Niliinuka kitandani bila pua. Siku maziwa yalipoungua nami nimekaa kando ya jiko nasoma gazeti, ulikuja mbio ukaniuliza kama pua yangu imekwenda likizo. Tukacheka wote. Haikurudi. Tangu mwaka ule sijanusa mvinyo wala moshi.

Nawe ulikuwa na tabia yako ya kunusa kila glasi kabla ya kuiosha, huku ukijisemea. Huu umechacha. Huu unanuka soksi mbichi. Huu kama mshenga, maneno mengi na mfukoni hamna kitu. Mimi nilisimama nyuma yako na daftari, nikiandika. Ndiyo maana sikukubali kwenda onjo lolote bila wewe kunibebea glasi. Hata chupa ninazokutumia kila mwezi tangu uhamie kwa binti yako, halafu nakupigia simu kuuliza umezionaje, hazikuwa zawadi. Watu wote wananiita Pua. Pua hiyo ni yako.

Ulipoomba kuingia jopo, miaka kumi na saba iliyopita, niliona ukipata meza yako mwenyewe mimi nimekwisha. Nikaandika pingamizi. Niliandika kwamba nakufahamu tangu utotoni na kwamba huna kipaji. Majibu yalipokuja hukulia mbele yangu. Ulisema tu kwamba basi, urudi kwenye glasi zako, ukafungua bomba.

Nimelifuta lile pingamizi mbele ya mwenyekiti, nikaandika chini yake ukweli wote kwa mkono huuhuu, nikarudisha na kadi yangu ya uonjaji, naye akasaini. Kizibo na Mama Ghala walikwisha kuusikia kabla yake. Ulistahili kuusikia wa kwanza, lakini nilihofu kufa kabla ya sahihi ya tatu.

Jaribio lako la kuingia jopo ni Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, saa tatu asubuhi: glasi kumi na mbili, chupa zimefunikwa. Mwanao atakufuata Ijumaa. Sikuombi msamaha kwa barua. Ukitaka kunigombeza, nigombeze ana kwa ana, ila baada ya glasi ya kumi na mbili.

Mwenyekiti aliuliza nani atahudumu siku hiyo. Nimejiandikisha. Wataniwekea kiti karibu na sinki. Wewe utaonja, na glasi nitaosha mimi.

Nisalimie binti yako na watoto, nawe ulitunze hilo goti.

Ni mimi kaka yako,
niliyeazima bila kuomba.