Hema la Harusi ya Dada Yako

Mjukuu wangu Nasra,

Salamu kutoka huku mtaani kwetu Ansab. Mama yako mzima, na mdogo wako keshaanza kuendesha gari, kwa hiyo tuombee dua.

Umeniuliza mtu atajuaje kisulisuli kinakuja usiku naye haoni kitu, na ufanye nini wenzako huko Marekani wakikucheka unapowaita washuke chumba cha chini ya ardhi.

Nilikuwa bado skuli dada yako alipoolewa kule mtaa wa Amerat. Usiku wanawake tulikuwa hemani uani. Mvua ikakatika, wote wakafurahi. Mimi nikaona joto la bahari bado linanata mwilini, na nje, kwa umeme wa radi usiokoma, mawingu yanakimbia kinyume na upepo wa chini. Nikasema kisulisuli kinakuja, tuingie nyumbani.

"Bibi kaota," akasema bi harusi. Mimi ni mdogo wake babu yenu, basi kwake pia ni bibi, ingawa alinizidi umri. "Olewa kwanza, bibi, ndo uamrishe."

Wote wakacheka.

"Nnakwambia mimi bibi yako. Inuka."

Wakanifuata kwa utani tu, wamebeba halwa na mikia ya gauni, mpaka sebuleni. Umeme ukamulika dirishani: nguzo nyeusi inazunguka uani, na hema halipo. Tukaitana majina, kila mmoja akaitika. Hapo vigelegele vikapigwa mpaka sauti zikatukauka, na harusi tukaimaliza humo humo.

Kwa hiyo waite, Nasra, kwa sauti kubwa. Waache wacheke, mradi wanashuka.

Bibi yako,
Salma